Nywele Alizonyimwa Watiri

Watiri aliteremka sokoni Wamagana saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa nane mwaka wa 1978, akiwa amebeba mkate na kilo mbili za sukari. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ameolewa mjini Nyeri, mtaa wa Skuta, na kila alipopata nafasi alikuja kumwona mama yake. Alipita ua wa miiba ya kayaba, akaingia uwanjani, na hapo akasimama. Aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake.

Mama yake, Wangechi, alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, kichwa wazi, mchana kweupe. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimetupwa pajani. Misokoto ya nywele zake, minene kama kamba ya kufungia ng'ombe, ilimshuka mgongoni mpaka kiunoni. Na katikati ya magoti yake, chini kwenye gunia, alikaa Kanana, mke wa mdogo wake Theuri, shingo imeinama, nywele zimegawanywa mistari mistari.

"Karibu, Mama Kagure," Kanana alimwambia Watiri, akimwita kwa jina la mtoto wake. Hakugeuka kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshikwa. "Leo Mama ananianzia."

"Anakuanzia nini?"

"Kama hizi zake."

Wangechi hakuinua macho. Alichota utomvu wa mshubiri kutoka kwenye kikombe cha bati, akaupaka kwenye kishungi kidogo cha nywele, kisha akakisokota taratibu kwa vidole viwili kutoka kwenye shina mpaka ncha. "Sukari iweke ndani," alisema. "Chai iko kwa chupa."

Watiri aliingia jikoni, akaweka sukari, akasimama gizani kando ya mafiga. Chai hakuimimina kikombeni. Kifua kilikuwa kinawaka, na kwa muda hakujua jina la kile kilichowaka. Baadaye alilijua, na aliishi nalo miaka mingi.

Wangechi aliingia msituni kujiunga na wapigania uhuru mwaka wa 1953. Watiri alikuwa na miaka minne, Theuri hajafikisha hata miwili. Baba yao alikuwa ametangulia, na hakurudi. Watoto walibaki na nyanya yao, na watu walipohamishwa kwa nguvu kuingizwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, ni Watiri aliyembeba Theuri mgongoni, miguu ya mtoto ikiburutika kwenye matope kwa sababu mbebaji mwenyewe alikuwa mfupi. Huko msituni Wangechi hakuwa na kichana wala sabuni. Nywele zake zilijisokota zenyewe. Mwaka wa 1956 alikamatwa, akapelekwa kambi ya kizuizini, na huko wakamnyoa kwa mkasi butu mpaka damu ikamtoka masikioni.

Aliporudi nyumbani mwaka wa 1960, Watiri alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliona mwanamke mwembamba amesimama mlangoni, nyanya yake akisema, "Huyu ndiye mama yako," naye akajificha nyuma ya sketi ya nyanya. Theuri ndiye aliyekwenda. Alikuwa mtoto wa kumkimbilia yeyote.

Usiku wa uhuru, Desemba 1963, watu walipokwenda kucheza ngoma, Wangechi alibaki nyumbani akazigawa nywele zake kwa ncha ya kijiti na kuanza kuzisokota, moja moja. Safari hii hazikuja zenyewe. Alizitaka. Kanisani wazee walimwomba azinyoe. Akawaambia kwamba atazifunika, lakini kunyolewa, alikwisha kunyolewa mara moja na inatosha. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bila kitambaa. Kila baada ya wiki tatu nne alijifungia chumbani na karai la maji ya mvua. Watiri aliketi nje, mgongo umeegemea mlango, akisikiliza maji yakidondoka. Alikuwa hamjui sana mama huyu, na alidhani kwamba akiingia mle ndani siku moja, atamjua.

Alipofika miaka kumi na mitano alijipa moyo.

"Mama, nisokote na mimi."

"Hizi si nywele za mtoto wa shule," Wangechi alijibu. "Wewe utachana kama wengine." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Maneno hayo mawili matatu Watiri hakuyasahau. Wala hakuuliza tena. Aliacha shule kidato cha pili, akajifunza kazi ya nywele kwa mama mmoja karibu na stendi ya mabasi, na alipoolewa na Ngatia, karani wa wilaya, alikodi chumba nyuma ya duka la viatu, akafungua saluni. Wanawake wa Nyeri walimjua. Alinyoosha nywele kwa kichana cha chuma kilichopashwa moto jikoni bila kumchoma mtu sikio. Walimu, manesi, mabibi arusi, wote walimpa vichwa vyao wakasinzia. Mtu mmoja tu hakumpa kichwa chake, na huyo ndiye aliyemzaa.

Sasa alikuja msichana kutoka Nkubu, Meru, mwaka mmoja tu katika boma hili, akapewa vyote, tena uwanjani, mlango wazi.

Kanana hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Watiri zaidi. Angekuwa mvivu au mwenye domo, wivu ungepata pa kukaa. Lakini Kanana alikamua ng'ombe kabla ya alfajiri, akachuma majani chai, akacheka polepole. Theuri alikuwa mpagazi wa wapanda mlima huko Naro Moru na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mke na mama mkwe walibaki wawili. Kigikuyu cha Kanana kilikuwa bado kinachechemea, ndiyo maana nyumbani walichanganya na Kiswahili. Watiri alipokuja, alikuta wamekaa wakicheka jambo alilolikosa.

Kila mara alitazama kichwa cha Kanana kwanza, kabla ya salamu. Mwezi wa kwanza ile misokoto ilisimama kama miiba, na Watiri akafurahi kimoyomoyo. Mwezi wa nne ikaanza kuvimba katikati na kutoa manyoya, akasema mbele ya mama yake, "Mbona inafumuka?"

"Haifumuki," Wangechi alisema. "Inashikana. Ni lazima ipite hapo." Akamwonyesha Kanana, si Watiri, jinsi ya kutenganisha miwili iliyotaka kuungana shinani. Alimfundisha kuosha kwa maji ya mvua na sabuni kidogo, kukamua kwa kitambaa kikavu, kukaa juani mpaka shina likauke. Usokote nywele mpya tu, zile za shinani, na usirudie kila wiki, zitakatika. Upande ulioanza kusokotea ni huo huo siku zote. Mafuta mazito usipake. Na usifunge kichwa kikiwa na maji. Hilo alilirudia mara nyingi.

Watiri alisimama kando akijifanya anachambua maharagwe. Alishika kila neno.

Mwaka wa pili nywele za Kanana zilifika mabegani, nyeusi, nyembamba, zinalingana. Wanawake walipomwona kisimani walianza kusema kwamba amefanana na mama mkwe wake kuliko mtoto wa kumzaa. Ilisemwa kwa kumsifu Kanana tu. Watiri aliposimuliwa na jirani alitabasamu, akarudi Skuta, akamfokea Kagure, binti yake, kwa kikombe ambacho hakikuvunjika.

Mwezi wa sita mwaka wa 1980 Wangechi alifanyiwa upasuaji wa tumbo mjini Nyeri. Alilazwa siku kumi na nane, na alipotolewa daktari alisema asipande gari la kwenda mbali kwa muda. Kwa hiyo akapelekwa Skuta, kwa Watiri. Watiri alimtandikia kitanda chake mwenyewe, yeye na Ngatia wakalala kwenye magodoro sebuleni. Alimpikia uji wa wimbi, akamgeuza ubavu kwa ubavu, akampangusa miguu. Alifunga saluni siku nne. Jioni moja, mama akiwa amekula vizuri, Watiri aliona wakati umefika.

"Mama, kichwa hakijaoshwa tangu hospitali. Nina maji ya mvua kwenye pipa. Nikuoshe?"

Wangechi aligusa kitambaa chake. "Usijisumbue. Kanana atakuja Jumamosi."

"Mimi ndiyo kazi yangu, Mama. Naosha vichwa kila siku."

"Najua. Kanana amezoea." Kisha akaongeza, "Na yeye mwenyewe nani anamwangalia kichwa huko? Mvua hii, na jua hakuna."

Watiri alichukua bakuli la uji likiwa na mabaki, akatoka nalo. Hakulia. Alilisugua kwa jivu mpaka likang'aa, akalisuuza, akalisugua tena.

Jumamosi Kanana alifika na maziwa na ndizi. Mlango wa chumba haukufungwa, lakini Watiri hakuingia. Aliwasikia wakiongea, maji yakidondoka kwenye karai, na mama yake akishusha pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Wangechi alilala mara baada ya nywele kukauka. Kanana akatoka, mikono mibichi.

"Mama Kagure, niko na shida. Shina zangu zimelegea, na kichwa inawasha. Mama hawezi kukaa sasa. Si wewe ni fundi? Nitazamie tu."

Alisema bila hila yoyote. Watiri alimtazama, akasema, "Twende saluni."

Palikuwa na ukungu, mvua nyepesi ile ya mwezi wa saba isiyoisha. Saluni ilikuwa tupu. Watiri alimkalisha Kanana, akaosha ile misokoto kwa maji moto, na vidole vyake vilijua wazi kwamba vimeshika kitu kizuri. Ilikuwa imara ndani, laini nje, kila mmoja na shina lake safi. Mikono ya mama yake ilikuwa imepita hapo, kila mwezi, miaka miwili. Roho ikamuuma upya.

Aliikamua kidogo tu. Akafungua kopo la mafuta ya mgando, akayachota kwa vidole vitatu, akayashindilia shinani na katikati, msokoto baada ya msokoto. Kisha akachukua karatasi ya nailoni, akakizungushia kichwa, na juu yake akafunga kitambaa kizito cha sufi mara mbili.

"Mama alisema isifungwe ikiwa na maji," Kanana alisema.

"Hiyo ni ya nyumbani. Hii ni dawa ya saluni. Usifungue wiki mbili, ndiyo mafuta yaingie."

"Wiki mbili?"

"Nani fundi hapa?"

Kanana akacheka, akashukuru. Alikwenda zake stendi, na Watiri akabaki ananawa mafuta. Alijiambia kwamba hakufanya kitu. Alijiambia hata wanawake wengine huwapaka mafuta hivyo. Usiku huo alilala vizuri, na hilo lilimtisha baadaye alipolikumbuka.

Jumamosi iliyofuata Kanana hakuja, ng'ombe alikuwa amezaa. Wiki ya pili Wangechi alipata nguvu, na Ngatia akakodi gari la rafiki yake wakampeleka Wamagana. Watiri alikaa nyuma na mama yake.

Kanana aliwapokea mlangoni, kitambaa cha sufi kichwani, macho yamevimba. Mlikuwa na harufu ndani ya nyumba. Wangechi aliisikia kabla hajaketi.

"Njoo hapa," alimwambia Kanana. "Fungua."

Kanana hakusogea. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba Jumapili kanisani watu wa benchi lake walihama mmoja mmoja, na kwamba kwa siku tano alisikia kama siafu wanatembea kichwani lakini hakufungua kwa sababu siku zilikuwa hazijatimia. Wangechi alifungua mwenyewe. Karatasi ilitoka na utando. Misokoto ilikuwa na ukungu mweupe ndani kwa ndani, mafuta yameganda na uchafu, na kwenye shina ngozi ilikuwa imechubuka, inatoa maji ya njano. Mmoja ulibaki mkononi mwa Wangechi alipougusa.

"Nani alikufunga hivi?"

Watiri alikuwa amesimama kando ya meza. Kanana alimtazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu.

"Ni mimi mwenyewe, Mama."

"Na nilikufundisha."

"Nilisahau."

Wangechi hakumkaripia. Alimtuma Ngatia kwa jirani akaazime mkasi. Akaketi kwenye kigoda kwa shida, mkono mmoja umeshikilia kidonda cha tumbo, akaanza kukata. Misokoto ilianguka kwenye gunia bila kishindo. Kanana alikaza taya. Wangechi ndiye aliyelia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuyapangusa, mikono ilikuwa na kazi.

Watiri alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia. Hakulia walipomzika nyanya. Hakulia siku aliyorudi kutoka kambini na mtoto wake akamkimbia. Na Watiri, aliyeleta balaa hili kwa mikono yake, badala ya kujuta, kwanza alihisi wivu, mkali kuliko wa siku zote, kwamba hata machozi amepewa Kanana. Aliuona wivu huo jinsi ulivyo, akauchukia, na mdomo ukafunguka.

"Ni mimi," alisema. "Nilimfunga mimi, saluni. Nilijua zitaoza."

Mkasi ulisimama. Ngatia alitoka nje taratibu, mtu mwenye busara.

"Ulijua," Wangechi alisema.

"Nilikusikia ukimfundisha. Nilisikia yote."

"Huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi?"

"Nilikuomba, Mama. Nilikuomba nikiwa na miaka kumi na mitano. Ukasema nichane kama wengine. Juzi nimekuomba nikuoshe, nyumbani kwangu, kwenye kitanda changu. Ukasema Kanana."

Wangechi alilaza mkasi pajani. Ng'ombe alilia nje, ndama akamjibu.

"Wakati ule," alisema, "watu walikuwa bado wanatuhesabu sisi tuliotoka msituni. Mwalimu wako alikuwa mtoto wa askari wa kijiji, wale waliowatumikia wazungu. Ungekwenda shuleni na kichwa kama changu, wangekurudisha wewe au wangekuja kunichukua mimi. Nilitaka uwe na kichwa kisichoulizwa na mtu."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuingia kuniuliza."

"Mlango ulikuwa umefungwa, Mama. Nilikuwa nakaa nje yake."

Wangechi alimtazama binti yake kana kwamba anapima umbali. "Sikujua uko hapo," alisema. Halafu akaurudia mkasi, kwa sababu kazi ilikuwa katikati na Kanana alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Hakukuwa na kukumbatiana siku ile. Wangechi hakuongea na Watiri mpaka mwezi wa kumi na moja, na Theuri alipopata habari alipita saluni akitoka Naro Moru, akasimama mlangoni, akamwambia dada yake maneno ambayo wateja watatu waliyasikia. Watiri aliendelea kupasha kichana.

Mwezi wa kumi na mbili alitumiwa ujumbe aje. Alikuta mama yake ameketi uwanjani, Kanana chini kwenye gunia, nywele mpya zimefika urefu wa kidole. Palikuwa na kigoda cha pili.

"Vidole vyangu vinakaza siku hizi," Wangechi alisema. "Na wewe ndiye uliyeziharibu. Utazianza wewe. Nitakuambia."

"Kanana amekubali?"

"Nimekubali," Kanana alisema, "lakini mafuta nimeficha."

Watiri aliketi. Ilichukua siku nzima. Mara nne mama yake alimpiga kofi dogo la mkono: unavuta sana, huo ni mnene, umebadilisha upande, rudia. Alirudia. Fundi wa Nyeri nzima alifundishwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na jua lilipoelekea milimani mgongo ulikuwa unamuuma, na alikuwa amefurahi kiasi cha kuona aibu. Alirudi kila mwezi baada ya hapo. Alijua kwamba anafundishwa kwa sababu ya kichwa cha Kanana, si kwa ajili yake. Alichukua hivyo hivyo.

Miaka mitatu baadaye, Kanana akimsindikiza barabarani, Watiri alimuuliza swali alilokuwa amelibeba.

"Siku ile, kwa nini ulisema ni wewe?"

Kanana alihamisha kikapu bega. "Wewe na Mama mkigombana, mtapatana. Ni damu. Na mimi? Wangesema ati msichana wa Meru ndiye ameleta maneno kwa boma. Nani angeniuliza shida yangu?" Akatembea hatua chache. "Na nilikuwa nakuonea wivu. Unamwita Mama na hufanyi chochote. Mimi lazima nikamue, nichume, niinamishe kichwa. Nilijua umenifanyia nini, siku ya tatu. Nilinusa."

"Na hukufungua."

"Nilitaka Mama aone mwenyewe, bila mimi kusema."

Watiri alisimama katikati ya njia. Waliangaliana, kisha Kanana akacheka kicheko chake cha polepole, na Watiri hakujua acheke au akasirike. Gari likaja, akapanda.

Kuanzia mwaka wa 1984 vijana wa Nyeri walianza kutaka rasta, misokoto kama ya Wangechi, na si vijana tu. Askari waliwasumbua wanaume, lakini wanawake walifunga vitambaa wakapita. Watiri aliongeza kiti, na Kanana akawa anakuja Ijumaa na Jumamosi. Walifanya kazi mgongo kwa mgongo, hawaongei sana. Wateja walisema Watiri ana mstari ulionyooka zaidi, lakini mkono wa Kanana ni mwepesi.

Ijumaa moja aliingia Monicah, mwalimu wa shule ya msingi, nywele zimeoshwa, tayari. Watiri alikuwa hana mtu. Alipangusa kiti, akakisogeza.

"Nitamngoja Kanana," Monicah alisema, akionyesha kwa kidevu. Kanana alikuwa na kichwa ambacho kingemchukua saa mbili zaidi.

Kile kitu kikawaka kifuani mwa Watiri, palepale pake pa zamani. Alikisikia mpaka kikapoa kidogo.

"Mngoje," alisema. Akamvutia kiti karibu na dirisha penye joto, akaenda kumtilia chai.